Kulisoma koo linalouma: hatua za kufuata kabla ya kununua dawa

Katika vijiji vingi vya Tandahimba, Newala na Nachingwea, huku kwetu mikoa ya Mtwara na Lindi, mtu akilalamika kwamba koo linamuuma hupewa moja kati ya majibu mawili: ama ana mafindofindo, basi anunue kapsuli, ama kimeo chake kimerefuka, basi akakatwe. Mara nyingi majibu hayo hutolewa kabla hata ya mgonjwa kuambiwa afungue mdomo. Maumivu ya koo si ugonjwa mmoja. Ni dalili ambayo mara nyingi huletwa na virusi, mara chache huletwa na bakteria, na wakati mwingine haitokani na ugonjwa wowote bali vumbi, moshi au mwiba wa samaki, na kila chanzo kina namna yake ya kujitambulisha kwa mtu anayeangalia kwa utaratibu. Mwongozo huu unaeleza utaratibu huo kwa mzazi, mlezi au mtu mzima anayejiangalia mwenyewe nyumbani. Haumwondoi tabibu katika nafasi yake, lakini unamwezesha mtu kujua ni lini amwendee na amweleze nini.

Kabla ya yote: dalili zisizongoja uchunguzi

Zipo dalili ambazo ukiziona huna haja ya kuendelea na hatua yoyote kati ya zinazofuata, kwa kuwa kinachotakiwa ni usafiri. Mgonjwa asiyeweza kumeza hata mate yake, yakawa yanamchuruzika mdomoni, yumo hatarini. Vivyo hivyo anayevuta pumzi kwa mlio wa kukwaruza hata akiwa ametulia, anayeshindwa kufumbua kinywa kwa sababu taya limekaza, au anayetoa sauti nzito iliyobanwa kama ya mtu anayezungumza huku tonge liko mdomoni. Mtoto anayekaa ameinama mbele, kidevu amekisogeza nje, akikataa kabisa kulazwa chali, anafanya hivyo kwa sababu ndivyo anavyopata hewa. Usimlaze kwa nguvu, wala usimwingize kijiko mdomoni ili umchungulie, kwa maana uvimbe ulio karibu na njia ya hewa unaweza kuifunga kabisa akishtuka au akilia. Mbebe akiwa amekaa vile vile, uende naye kwenye kituo cha afya kilicho karibu au hospitali, iwe Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, Ndanda au Nyangao, kwa kadiri ya ulipo.

Dondakoo nalo liko katika kundi hili. Dalili yake ya pekee ni utando wa kijivu ulioshikamana na koo, ambao hautoki kwa urahisi na ukibanduliwa huvuja damu, pamoja na shingo iliyovimba pande zote. Ugonjwa huu umekuwa adimu kwa sababu ya chanjo ambayo watoto wetu huchomwa wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Kwa hiyo, mtoto mwenye homa na maumivu ya koo anapopelekwa kutibiwa, kadi yake ya kliniki iende naye.

Hatua ya kwanza: uliza jana alikuwa wapi

Swali hili watu wengi hulipita, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa mtu wa mikoa yetu. Kuanzia Mei au Juni hadi Septemba, mashine za kupulizia salfa hunguruma alfajiri katika mikorosho ili kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, na vumbi lile la manjano halikai juu ya majani peke yake. Huingia machoni, puani na kooni mwa anayepuliza, mwa msaidizi wake na mwa watoto waliolala katika nyumba iliyo kando ya shamba. Koo la salfa lina alama zake: halina homa, huwasha na kukereketa kuliko kuuma, macho hutoa machozi, mara nyingi watu wawili au watatu wa nyumba moja hulalamika kwa pamoja, na hupungua ndani ya siku moja au mbili mtu akikaa mbali na vumbi. Anayetibu koo la namna hii kwa kapsuli anapoteza fedha, kwa maana hakuna kijidudu cha kuuawa. Tiba ni kusukutua kwa maji, kunywa maji ya kutosha, kuoga na kubadili nguo, na siku inayofuata kufunika pua na mdomo na kusimama upande unaotoka upepo. Mwenye pumu asipulize salfa kabisa, na kifua kikianza kumbana baada ya kuivuta, hilo si suala la koo tena, aende kituoni.

Moshi wa kubangulia korosho hufanya kazi kama hiyo, na pengine kwa ukali zaidi. Mafuta yaliyo ndani ya ganda la korosho hubabua ngozi, jambo ambalo kila mbanguaji analifahamu kwa kutazama vidole vyake, na ganda hilo likichomwa juu ya karai, moshi wake mzito huwasha koo na macho vibaya. Halafu yapo mabibo. Msimu unapofika, mtoto aliyeshinda chini ya mikorosho akila mabibo mabichi anaweza kurudi jioni akisema koo linamkwaruza, na ukimuuliza vizuri utagundua kwamba ni ukakasi wa tunda tu, ambao huondoka wenyewe.

Mwiba wa samaki ni habari nyingine. Maumivu yake huanza ghafla, katikati ya mlo, huwa upande mmoja, na mgonjwa huweza kuonyesha kwa ncha ya kidole mahali panapochoma kila anapomeza. Desturi ya kumezesha matonge makubwa ya ugali ili kuusukuma si salama, kwa sababu tonge linaweza kuuzamisha mwiba zaidi badala ya kuushusha. Ikiwa mchomo unaendelea baada ya saa kadhaa, mgonjwa aache kula na aende hospitali ambako kuna taa na koleo za kuutolea.

Hatua ya pili: pata mfuatano wa siku

Ikiwa vumbi, moshi na mwiba vimeondolewa katika hesabu, uliza kilianza nini, na kikafuata nini. Koo la virusi kwa kawaida huja polepole: siku ya kwanza koo linakereketa, siku ya pili mafua yanaanza, siku ya tatu kikohozi kinafuata huku maumivu yenyewe yakianza kulegea, na wagonjwa wengi huwa wamepona ndani ya wiki moja bila dawa ya kuua vijidudu. Koo la bakteria, na hasa wale waitwao streptokokasi wa kundi A, huja kwa kishindo. Mtoto aliyecheza mpira saa kumi jioni anaweza kuwa na homa kali usiku huo huo, akiumwa kichwa na akilia anapomeza.

Watoto wadogo aghalabu hawasemi kwamba koo linauma. Husema tumbo linauma, au hutapika, au hukataa uji ambao jana waliupigania. Kwa hiyo mtoto wa shule mwenye homa na maumivu ya tumbo achunguzwe koo pia, hata kama hakulitaja. Ugonjwa huu wa bakteria huwapata zaidi walio na umri wa miaka 5 hadi 15. Chini ya miaka 3 hutokea kwa nadra.

Hatua ya tatu: tafuta kisichokuwepo

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa tumezoea kuhesabu dalili zilizopo na kusahau zile ambazo hazipo. Kikohozi kikiwepo, pamoja na makamasi, sauti iliyokauka, macho mekundu au vidonda vidogo mdomoni, vyote hivyo vinaelekeza kwenye virusi, na mzazi ana sababu ya kupumua. Koo linalouma sana kwa mtoto mwenye homa ambaye hakohoi na pua yake ni kavu ndilo linalotakiwa kuangaliwa kwa makini zaidi. Nimewasikia wazazi wakisema, kwa faraja kabisa, “angalau hakohoi,” bila kujua kwamba ukimya huo wa kifua ndio uliopaswa kuwaamsha.

Surua nayo huanza kwa mafua, kikohozi, macho mekundu na homa kabla ya upele kutoka usoni na kushuka mwilini, na mtoto wa namna hiyo anatakiwa kufikishwa kituoni bila kuchanganywa na watoto wengine.

Hatua ya nne: angalia ndani ya koo

Nawa mikono kwanza. Mketishe mgonjwa mlangoni akitazama nje mahali penye mwanga wa mchana, au tumia tochi ya simu ukiishika usawa wa shavu lako ili mwanga uelekee kule macho yako yanakoelekea. Mwambie afumbue kinywa na aseme “aaa” kwa kuvuta sauti, kwa sababu sauti hiyo huinua kaakaa na kufungua njia ya kuonea. Ulimi ukizuia, ukandamize kwa mpini wa kijiko kilichooshwa kwa maji ya moto na kupoa, ukigusa theluthi mbili za mbele tu. Ukienda nyuma zaidi mgonjwa atatapika na hatakubali tena. Una sekunde tatu au nne hivi, kwa hiyo ujue mapema unachokitafuta.

Katikati utaona kimeo kikining'inia, na kila upande wake findo moja, lililokaa kama kokwa ndani ya kishimo chake. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 mafindo huwa makubwa kwa asili, kwa hiyo ukubwa peke yake si ugonjwa. Kinachotafutwa ni mafindo yaliyovimba kuliko siku zake za kawaida, yenye wekundu mkali, yenye madoa au michirizi ya usaha mweupe au wa manjano, na pengine vidoa vidogo vyekundu kwenye kaakaa laini. Weupe nao una sura nyingi. Chembe ndogo nyeupe zenye harufu mbaya, zilizojificha katika mikunjo ya findo la mtu asiye na maumivu wala homa, ni mabaki yaliyogandamana tu. Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, uliotapakaa hadi kwenye ulimi na mashavu na unaofutika kwa kitambaa, ni fangasi. Kwa mtu mzima asiyetumia dawa za kuvuta za pumu wala hajatumia dawa za bakteria hivi karibuni, hiyo ni sababu ya kwenda kupima afya yake, pamoja na virusi vya UKIMWI.

Tazama pia kama kimeo kimekaa katikati. Ikiwa kimesukumwa upande mmoja na findo la upande wa pili limetuna kupita kiasi, huenda usaha umejikusanya nyuma yake na kufanya jipu, nalo hutibiwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu urefu wa kimeo, naomba nieleweke vizuri. Kimeo hubadilika kwa kuvimba koo linapougua na hurudi hali yake koo linapopona. Si chanzo cha kikohozi cha muda mrefu, wala si sababu ya mtoto kukonda. Mimi nilikatwa changu nikiwa mdogo, nikiwa nimekaliwa mapajani na watu wazima wawili, na kikohozi kikaendelea hadi mama alipohamisha mafiga kutoka chumba tulicholala. Kukata kimeo kwa wembe au kisu kidogo cha kienyeji kumesababisha kutoka damu nyingi, upungufu wa damu, maambukizi na vifo vya watoto, na kifaa kinachotumika kwa zaidi ya mtu mmoja kinaweza kupitisha virusi. Mafindo nayo yasikamuliwe kwa kidole, na mafuta ya taa yasipakwe kooni kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya tano: papasa shingo, pima joto, gusa ngozi

Kwa ncha za vidole, papasa chini ya pembe za taya pande zote mbili na sehemu ya mbele ya shingo. Matezi yaliyovimba na yanayouma yanapobonyezwa yanaongeza uwezekano wa bakteria. Uvimbe ulio mbele na chini ya sikio, unaoinua ndewe na kujaza shavu, ni wa matubwitubwi. Pima joto kwa kipimajoto ikiwa unacho. Linalohesabiwa ni nyuzi 38 au zaidi. Kiganja kwenye paji la uso kinatosha kukuambia kwamba kuna homa, lakini hakitoshi kukuambia ni kali kiasi gani.

Kisha pitisha kiganja kifuani na tumboni. Bakteria hao hao wa koo wakati mwingine huleta vipele vidogo vinavyofanya ngozi iwe na mkwaruzo kama msasa, na kwa kuwa wekundu wake hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, mkono huvigundua kabla ya jicho. Ulimi wa mgonjwa huyo unaweza pia kuwa mwekundu wenye vinundu.

Jambo moja lisisahauliwe. Mtwara ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi, na Lindi nako ugonjwa huo upo. Kuona koo limewiva si ithibati kwamba homa yote inatoka kooni. Mwenye homa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka kwenye zahanati, hata kama koo lake linaonyesha kila dalili iliyotajwa hapa.

Hatua ya sita: jumlisha

Matabibu duniani kote hutumia hesabu nyepesi ambayo nawe unaweza kuifanya kwa vidole. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, weka alama moja. Hakuna kikohozi, moja. Matezi ya mbele ya shingo yamevimba na yanauma, moja. Mafindo yamevimba au yana usaha, moja. Mgonjwa akiwa na umri wa miaka 3 hadi 14 ongeza moja. Akiwa na miaka 45 au zaidi punguza moja.

Asiye na alama, au mwenye moja, kwa kawaida hahitaji dawa ya bakteria. Mwenye mbili au tatu yumo katikati, na huyo aamuliwe na tabibu. Mwenye nne au zaidi aende kituoni bila kungoja kesho kutwa, ingawa hata katika kundi hilo ni kama nusu tu ndio wanaokutwa na streptokokasi. Zahanati nyingi hazina kipimo cha kuthibitisha bakteria hao, na ndiyo sababu maelezo yako ya siku na dalili yana uzito mkubwa.

Hatua ya saba: kabla ya kuvuka kizingiti cha duka la dawa

Kosa linalorudiwa zaidi katika maduka ya dawa muhimu ni kununua kapsuli sita za amoksilini kwa sababu ndizo zinazotoshana na fedha iliyopo mfukoni. Kapsuli sita humeza homa kwa siku mbili na kuwaacha bakteria hai. Dozi ya penisilini au amoksilini ya kumeza kwa koo la streptokokasi ni siku 10 kamili, hata kama maumivu yameisha siku ya tatu. Tabibu anaweza badala yake kuchagua sindano moja ya penisilini ya muda mrefu, ambayo huchomwa mara moja kwenye msuli kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa. Aliyewahi kuvimba uso au kutokwa na vipele baada ya kutumia penisilini aseme hivyo kabla ya kupewa chochote.

Sababu ya kusisitiza dozi haihusu koo lenyewe, kwa maana koo lingepona hata hivyo. Wiki 2 hadi 4 baada ya koo la streptokokasi lisilotibiwa, baadhi ya watoto hupata homa ya baridi yabisi: viungo huvimba na kuuma kwa kuhama, leo goti, kesho kifundo cha mguu, na milango ya moyo, yaani vali zake, huweza kuharibika kwa kudumu. Baadhi ya watoto na vijana wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete walianzia hapo, kwenye koo ambalo hakuna aliyelikumbuka. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu maumivu yaanze, bado inazuia madhara hayo, kwa hiyo aliyechelewa siku nne au tano asikate tamaa. Mzazi aangalie pia mkojo katika wiki zinazofuata. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, na uso wa mtoto ukaamka umevimba, figo zimeguswa.

Wakati unaposubiri

Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na mtoto apewe kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Aspirini asipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16. Kusukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu husaidia wale wanaoweza kusukutua bila kumeza. Asali ni nzuri, isipokuwa kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Madafu, uji mwepesi na mchuzi uliopoa hupita pale ugali unapokataa.

Koo lisilopata nafuu baada ya siku tatu za dawa liangaliwe upya. Koo linalouma kupita wiki mbili, au sauti iliyokauka kupita wiki tatu, hasa kwa mvutaji wa sigara au mnywaji wa gongo, linatakiwa kuchunguzwa hospitali kwa sababu kifua kikuu na saratani huweza kuanza kimya kimya namna hiyo.

Unapokwenda, andika mambo machache kwenye kipande cha karatasi, maana kwenye foleni mtu husahau. Karatasi nzuri niliyowahi kuiona ilikuwa imechanwa kwenye daftari la shule, ikiwa na mistari mitano: “Miaka 8. Koo lilianza Jumanne usiku, ghafla. Homa 39. Hakohoi, hana mafua. Amekunywa parasetamoli tu.” Tabibu aliisoma mara moja, akachukua tochi.